Kunenepesha wakati wa mimba au kujaza hori wakati wa kunyonyesha: uzito wa mama nguruwe na ukuaji wa vitoto vyake

Mama nguruwe mwenye vitoto kumi hutoa maziwa kilo 8 hadi 10 kwa siku, na akiwa na vitoto vingi zaidi na lishe nzuri huvuka hapo. Maziwa hayo yana vyanzo viwili tu: chakula alichokula siku ile, au mwili wake mwenyewe. Hori likipungukiwa, mwili unalipa. Ndiyo maana karibu kila mama hupungua uzito akinyonyesha, na ndiyo maana wafugaji wamegawanyika katika njia mbili.

Njia ya kwanza tuiite ya akiba. Mama analishwa sana akiwa na mimba, anazaa akiwa mnene, kisha wakati wa kunyonyesha anakula kiasi chochote kitakachompendeza huku mafuta yakijaza pengo. Njia ya pili ni ya hori. Mimba inaendeshwa kwa kipimo, mama anazaa akiwa na mwili wa wastani, na baada ya kuzaa ndipo chakula kinafunguliwa mpaka ashibe kabisa.

Msimamo wetu ni njia ya hori, na sababu zake zinafuata. Kuna mahali pachache ambapo akiba ina nafasi yake, nazo tutazitaja.

Hesabu ya maziwa kwanza

Kwa kukadiria, kila kilo moja anayoongezeka mtoto wa nguruwe anayenyonya hugharimu takriban kilo 4 za maziwa. Chukua vitoto 10 vilivyozaliwa na wastani wa kilo 1.4, vikafika kilo 6 siku ya 21. Uzao wote umetoka kilo 14 hadi kilo 60, yaani umeongezeka kilo 46, sawa na kilo 2.2 kwa siku. Ili kufika hapo mama ametoa maziwa kama kilo 184, karibu kilo 8.8 kila siku kwa wiki tatu mfululizo.

Sasa angalia kilichomo kwenye chakula. Kwa kila kilo ya ongezeko la uzao, mama anahitaji takriban gramu 26 za laisini, ile sehemu ya protini ambayo nafaka inayo kidogo mno. Uzao unaoongezeka kilo 2.2 kwa siku unadai gramu 57 hivi, na bado mwili wake mwenyewe haujapata chochote. Chakula cha kunyonyesha chenye laisini asilimia 0.9, akila kilo 7, kinampa gramu 63. Deni limelipwa. Mpe chakula cha mimba chenye asilimia 0.6 na ale kilo 5 tu, atapata gramu 30. Hizo gramu 27 zinazokosekana zinatoka kwenye misuli yake, na misuli ya mama si ghala lililojengwa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo njia ya akiba inapoanza kuvuja. Mafuta yanaweza kuwekwa akiba kwa wingi na yakageuzwa maziwa bila taabu kubwa. Protini haina ghala. Mama mnene ana nishati nyingi mgongoni, lakini protini ya maziwa akiikosa horini ataikata mapajani na mabegani kama mwenzake mwembamba. Pia kugeuza chakula kuwa mafuta, halafu mafuta kuwa maziwa, kunapoteza nishati mara mbili. Chakula kinachokwenda moja kwa moja kwenye maziwa kinapoteza mara moja.

Njia mbili zikiwa bega kwa bega

| | Njia ya akiba | Njia ya hori |
|---|---|---|
| Chakula cha mimba kwa siku | kilo 3 au zaidi | kilo 2 hadi 2.5, kwa kuangalia mwili |
| Alama ya mwili siku ya kuzaa (1 mwembamba kabisa hadi 5 mnene kabisa) | 4 na kuendelea | 3 hadi 3.5 |
| Mafuta ya mgongoni siku ya kuzaa | zaidi ya milimita 22 | milimita 16 hadi 19 |
| Hamu ya kula baada ya kuzaa | hupanda polepole | hupanda kila siku |
| Uzito unaopotea hadi kuachisha vitoto kunyonya | mara nyingi hupita asilimia 10 | chini ya asilimia 10 |
| Ukuaji wa vitoto, wiki 2 za kwanza | mzuri | mzuri |
| Ukuaji wa vitoto, wiki ya 3 na ya 4 | huanza kulegea | huendelea |
| Kuingia joto (kuwa tayari kupandwa) baada ya kuachisha | mara nyingi huchelewa | siku 4 hadi 7 |

Mstari wa sita ndio unaodanganya watu wengi. Kwa wiki mbili za kwanza huoni tofauti kwenye vitoto. Mama ana silika ya kulinda maziwa: atajikata mwenyewe kabla ya kukata vitoto. Kwa hiyo mfugaji anayetazama vitoto peke yake anaridhika kuwa mambo yanakwenda sawa, hali mama anaporomoka. Maziwa huanza kusaliti pale tu protini ya mwili inapopungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwa mama asiyekula vizuri, hilo huangukia wiki ya tatu, wakati uleule maziwa yanapotakiwa kuwa kileleni na vitoto vikiwa na njaa kubwa kuliko wakati wowote.

Kwa nini mnene hali? Tishu ya mafuta yenyewe hutuma homoni inayoambia ubongo kwamba akiba ipo, na mwili wake haushughulikii sukari ya damu vizuri. Hivyo unavyomnenepesha zaidi wakati wa mimba ndivyo unavyompunguzia hamu ya kula baada ya kuzaa. Anazaa akiwa na akiba kubwa kisha anaipoteza kwa kasi, maana hataki kula. Juu ya hayo, jike mnene huchukua muda mrefu kuzaa, hupata vitoto vingi zaidi vilivyokufa wakati wa kuzaliwa, hulala kwa kujitupa na kulalia vitoto, na kiwele chake huvimba na kukataa kutoa maziwa mara nyingi kuliko wenzake. Uzao ulioanza na vitoto 12 ukibaki 9 umeshindwa kabla uzito haujapimwa.

Mwembamba naye ana matatizo yake. Aliyezaa na alama 2 au chini hana akiba ya kumvusha siku ambazo hali vizuri, na ngozi juu ya mifupa ya mabega yake hutoboka vidonda kwa kulala kwenye sakafu ngumu. Akila vizuri atanyonyesha karibu sawa na wengine, lakini hana nafasi ya kukosea hata siku tatu. Huyu ndiye anayestahili nyongeza wakati wa mimba: nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, kuanzia mapema mpaka afike alama 3, si kumsubiri mpaka siku ya 100 ya mimba. Nyongeza ya wiki mbili za mwisho huongeza uzito wa mama zaidi kuliko inavyoongeza uzito wa vitoto tumboni.

Pima vyote viwili

Kipimo cha uamuzi si kilo za vitoto wala kilo za mama kila kimoja kivyake. Ni vyote viwili kwa pamoja.

Mama mpime ndani ya saa 24 baada ya kuzaa na siku ya kuachisha. Ukimpima kabla ya kuzaa utahesabu vitoto, maji na kondo, ambavyo kwa pamoja hufika kilo 20 na zaidi, kisha utaamini amepungua vibaya wakati amezaa tu. Kama huna mizani ya kumbeba, tumia utepe. Zungusha utepe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, uubane bila kumkaba. Halafu pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, kichwa kikiwa kimenyooka. Andika vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha zidisha kwa 69.3. Mama mwenye mzunguko wa mita 1.35 na urefu wa mita 1.45 anakuja takriban kilo 183. Utepe hukosea kilo kadhaa, lakini mpimaji akiwa mmoja na saa ikiwa ileile, asubuhi kabla ya kula, tofauti kati ya vipimo viwili inaaminika vya kutosha kwa uamuzi. Kichwa kilichoinama horini hubadilisha urefu, kwa hiyo subiri ainue.

Vitoto vipime vyote pamoja ndani ya gunia au kreti: siku ya kwanza, siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya kuachisha. Vipimo vya katikati ndivyo vyenye thamani, kwa sababu vinaonyesha ukuaji ulipinda lini.

Kama hata utepe huna, weka kiganja kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Mifupa ikionekana kwa macho, ni 1. Ukiigusa bila kukandamiza, 2. Ukiipata kwa kukandamiza kwa nguvu, 3. Usipoipata kabisa, 4. Ukikuta bonde la nyama pale mkia unapoanzia, 5. Kupungua nusu alama kati ya kuzaa na kuachisha ni kawaida. Alama nzima ni onyo.

Ukishakuwa na namba za pande zote, majibu hujitokeza.

Mama aliyetoka kilo 190 hadi 175 amepoteza asilimia 8. Kama uzao wake umeongezeka kilo 2 na zaidi kwa siku, usibadilishe kitu.

Mama aliyetoka kilo 190 hadi 163 amepoteza asilimia 14. Vitoto vyake vinaweza kuwa vizito sawa na vya mwenzake, pengine kuzidi. Huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, kwa kuwa anaonekana mzazi bora na mfugaji anamsifu. Gharama yake itaonekana baadaye: atachelewa kuingia joto, au ataingia mapema akashika mimba ya vitoto vichache. Mayai ya uzao ujao hukua ndani yake wakati bado ananyonyesha, na njaa ya wiki ya mwisho huyakuta yakiwa yanakomaa.

Aliyepungua sana na vitoto vyake vikawa vidogo hana fumbo: hali chakula cha kutosha, na akiba imekwisha. Tafuta kinachomzuia kula.

Aliyepungua kidogo, au hata kuongezeka, huku vitoto vikidumaa, tatizo lake halipo horini. Chakula anakula ila hakiendi kwenye maziwa. Hesabu chuchu zinazofanya kazi. Isiyonyonywa siku tatu za mwanzo hukauka kwa kipindi kizima. Gusa kiwele kama kina joto na ugumu, pima homa yake, angalia kama vitoto vinaharisha au vinakaa na baridi. Kumwongezea chakula mama wa aina hii ni kumnenepesha tu.

Kujaza hori kunavyofanyika

Njia ya hori inashindwa mara nyingi kwa sababu ya haraka. Mama aliyetoka kwenye kilo 2.5 za mimba akapewa kilo 7 siku ya pili hukinai, kiwele hukaza, na hamu huchukua siku kadhaa kurudi. Siku ya kuzaa mpe kidogo, kilo 1 hadi 2 kwa milo midogo, pamoja na maji mengi. Usimfungishe kabisa, kwa maana kuzaa ni kazi inayohitaji nguvu. Kesho yake kilo 2.5, kisha ongeza takriban nusu kilo kila siku alipomaliza hori. Hori likibaki na chakula, siku hiyo usiongeze. Kati ya siku ya 8 na ya 10 awe amefika kipimo chake kamili: kilo 2 kwa ajili ya mwili wake na nusu kilo kwa kila kitoto. Vitoto 10 ni kilo 7. Vitoto 12 ni kilo 8. Kuanzia hapo usimwekee kikomo.

Gawa milo mitatu au minne. Chakula kilicholowa kwa maji huliwa zaidi kuliko kikavu, ila kilichochacha lazima kitolewe kabla ya kuweka kipya. Mama akinusa uchachu huondoka, na watu husema hana hamu.

Chakula chenyewe kiwe cha kunyonyesha: protini asilimia 16 hadi 18, laisini asilimia 0.9 hadi 1.1. Kuongeza pumba ili hori lionekane limejaa ni kujidanganya, kwa sababu tumbo hujaa kabla mahitaji hayajatimia. Pumba ina kazi yake siku chache kabla ya kuzaa, kulainisha choo.

Maji huwashinda wengi kuliko chakula. Mama anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na asiyekunywa hali. Weka chombo chini ya nipo yake (chuchu ya bomba anayonywea maji), bonyeza kwa dakika moja: zisipopatikana lita 2, nipo hiyo inakupunguzia kilo za vitoto. Kagua presha, kutu na mchanga kwenye kichujio kabla hujabadilisha mchanganyiko wa chakula.

Joto la banda ni la pili. Mama hustarehe kati ya nyuzi 16 na 22. Ikipita 25 anaanza kupunguza kula ili mwili usizalishe joto zaidi, wakati vitoto vya siku za kwanza vinataka nyuzi 32 hadi 34. Kwa hiyo joto liwe la vitoto peke yao, kwenye kona yenye taa au kisanduku, na upande wa mama upitiwe na hewa. Kupasha chumba kizima joto kwa ajili ya vitoto kunamnyima mama chakula. Wakati wa joto kali mlishe alfajiri na usiku, na umdondoshee maji shingoni.

Hapa akiba inapata hoja yake ya haki. Kama banda ni la joto kwa miezi mingi na hakuna namna ya kulipoza, kula kilo 7 hakutatokea hata ufanye nini. Mlenge azae akiwa na alama 3.5 kamili, na chakula chake kiwe na nishati nyingi kwa kila kilo kwa kuongeza mafuta kidogo. Zaidi ya 3.5 usivuke hata hapo, kwani hamu ambayo joto limeipunguza, unene utaimaliza.

Akianza kuporomoka kabla ya kuachisha

Umeshagundua siku ya 14 kwamba mama anakwisha. Una uchaguzi wa aina nne, na nguvu zake hazilingani.

Chakula cha vitoto ni cha kwanza kufikiriwa na ndicho dhaifu zaidi. Vitoto vya wiki mbili hula gramu chache tu kwa siku na vinaendelea kunyonya vilevile. Kiweke kuanzia siku ya 10 hadi 14, kidogo na kipya kila siku, kwa faida ya tumbo lao baada ya kuachishwa. Usikitegemee kumpumzisha mama anayeachisha kabla ya wiki ya nne.

Kuhamishia vitoto kwa mama mwingine husaidia sana ndani ya siku mbili za kwanza, baada ya kupata maziwa ya mwanzo kwa mama yao kwa saa 12 hivi. Ikipita hapo kila kitoto kimeshachukua chuchu yake, na mgeni hupigwa.

Kuachisha mapema uzao wote humwokoa mama na kuvitesa vitoto. Kitoto cha chini ya siku 21 au chini ya kilo 5 kinahitaji chakula ghali, joto na usafi wa hali ya juu. Kama huna hivyo, utahamisha hasara tu kutoka kwa mama kwenda kwa vitoto.

Kuachisha kwa nusu ndiko tunakokupendekeza. Ondoa vitoto vizito siku 3 hadi 5 kabla ya wenzao, vibaki vile vidogo. Mama anapunguziwa mzigo, vidogo vinapata nafasi ya kufidia, na vile vizito vina uwezo wa kula vyenyewe. Usiviache chini ya vitano au sita, maana maziwa yakikatika ghafla mno mama anaweza kuingia joto angali ananyonyesha, na ratiba yako ikaharibika.

Mtamba ana hesabu yake

Jike wa uzao wa kwanza bado anakua, hula pungufu kuliko mama mzoefu, na akiba yake ni ndogo. Asilimia 10 kwake ni mpaka wa mwisho kabisa. Mpandishe akiwa na kilo 130 hadi 150 katika joto la pili au la tatu, kwa maana aliyeanza na mwili mdogo hawezi kuujenga akiwa ananyonyesha. Usimnenepeshe katika theluthi ya mwisho ya mimba, kwani ndipo kiwele kinapojengwa, na unene humjazia mafuta palipotakiwa kuwa na tishu ya maziwa. Mwachie vitoto vingi kadiri ya chuchu nzuri alizonazo, kwani chuchu isiyonyonywa uzao wa kwanza hutoa maziwa machache uzao wa pili. Kisha mpe chakula chenye laisini ya juu kuliko cha wakubwa, karibu asilimia 1.1.

Na kama licha ya yote ameachisha akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 12, linganisha mambo mawili. Kumpandisha joto la kwanza kunakuokoa siku 21 za chakula, lakini uzao wa pili huwa mdogo kuliko wa kwanza. Kuliruka joto hilo, ukamlisha kilo 3 hadi 3.5 kwa siku na kumpandisha joto linalofuata, kunakugharimu kilo 65 hivi za chakula na mwili unarudi. Kwa mtamba aliyefika alama 2 tunachagua kuruka. Kwa mama wa uzao wa tatu au wa nne mwenye upungufu uleule tunampandisha joto la kwanza, kwa kuwa mwili wake umekwisha kukua na alichopoteza atakirudisha ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba akipewa kilo 3 kwa siku.